Kiungulia kisichosikia dawa: Jinsi umio unavyovimba na kwa nini chanzo kinafaa kusakwa mapema

KIUNGULIA ni miongoni mwa maradhi ambayo wengi huyachukulia kuwa kero ndogo ya baada ya mlo. Mtu hula nyama choma au chapati kwa mchuzi wenye mafuta mengi, huhisi moto kifuani, hutafuna tembe mbili za kutuliza asidi zilizonunuliwa dukani, kisha hujilaza akiamini kwamba mambo yamekwisha.

Hata hivyo, kuna kundi la wagonjwa ambao moto huo hauzimiki. Humeza dawa wiki baada ya wiki, hubadilisha vyakula, hutoka duka moja la dawa na kuingia jingine, na bado kifua huwaka. Kwa baadhi yao, asidi huwa imekwisha kuudhuru umio na kuufanya uvimbe. Kwa wengine, tatizo huwa si asidi hata kidogo.

Kuyatofautisha makundi hayo mawili ndiyo kazi kubwa ya daktari anayemhudumia mgonjwa wa kiungulia sugu. Anayeongezewa dawa ya asidi ilhali ugonjwa wake ni mwingine hupoteza fedha na, baya zaidi, hupoteza wakati. Katika nchi kama Kenya, ambako saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi zaidi, wakati huo ni wa thamani kubwa.

Umio na kilango chake

Umio ni mrija wa misuli unaounganisha koo na tumbo. Kwa mtu mzima, urefu wake ni takriban sentimita 25. Hupita kifuani nyuma ya moyo, kisha hupenya katika tundu la kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kabla ya kuungana na mfuko wa tumbo.

Mwishoni mwa umio pana msuli wa mviringo unaofanya kazi ya kilango. Mtu anapomeza chakula, msuli huo hulegea ili kukipisha, kisha hukaza tena ili kilicho tumboni kisirudi juu. Kiwambo nacho huubana umio kwa nje, mithili ya mkono unaoshika mdomo wa gunia.

Tumbo hutoa asidi kali inayosaidia kuyeyusha chakula na kuua viini. Lenyewe hulindwa na utando wa ute mzito, lakini umio hauna kinga kama hiyo. Hutegemea mate, ambayo hupunguza makali ya asidi, pamoja na mikazo ya misuli inayoisukuma asidi irudi ilikotoka.

Usiku mambo hubadilika. Mtu aliyelala hutoa mate machache na humeza mara chache, tena mwili wake umelazwa sawasawa na kitanda. Asidi inayopanda wakati huo hukaa muda mrefu ndani ya umio, na ndiyo maana kiungulia cha usiku huhofiwa kuliko cha mchana.

Kiasi kidogo cha asidi hupanda kwa karibu kila mtu baada ya kula, na jambo hilo si ugonjwa. Huwa ugonjwa pale asidi inapopanda mara kwa mara hadi ikaleta usumbufu au ikaudhuru umio. Unene wa kupindukia, ujauzito, uvutaji wa sigara, pombe na milo mikubwa yenye mafuta ni baadhi ya mambo yanayochangia hali hiyo.

Aidha, kuna watu ambao sehemu ya juu ya tumbo lao hupenya kwenye tundu la kiwambo na kuingia kifuani. Hali hiyo, ambayo huitwa ngiri ya kiwambo, hukilegeza kilango na kuifungulia asidi njia. Dawa fulani za shinikizo la damu, kama vile nifedipine, pia hulegeza msuli huo.

Jinsi umio unavyovimba

Kuvimba kunakozungumziwa hapa si uvimbe kama ule wa jipu au wa saratani. Ni hali ambapo utando wa ndani wa umio hugeuka kuwa mwekundu, hututumka na hatimaye huchubuka, kwa sababu chembechembe za kinga za mwili zimekusanyika hapo.

Kwa miaka mingi, madaktari waliamini kwamba asidi huunguza umio kuanzia juu kwenda chini, jinsi maji moto yanavyounguza ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, uliitilia shaka imani hiyo.

Katika utafiti huo uliofanyiwa Dallas, jimbo la Texas, wagonjwa 12 ambao umio wao ulikuwa umepona kutokana na dawa waliombwa kuziacha kwa wiki mbili. Vipande vidogo vya tishu vilichukuliwa kutoka kwenye umio wao na kuchunguzwa kwa hadubini.

Ilibainika kwamba chembechembe za kinga zinazoitwa limfosaiti zilijitokeza katika tabaka za ndani hata pale ambapo tabaka la juu halikuwa limechubuka. Watafiti walihitimisha kwamba asidi huenda huzichokoza seli za umio, nazo hutoa kemikali zinazoita chembechembe za kinga, na ni chembechembe hizo zinazoharibu utando.

Ingawa wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache, matokeo hayo husaidia kueleza kwa nini glasi ya maziwa au magadi yaliyokorogwa katika maji hayawezi kuuponya umio uliovimba. Vitu hivyo hutuliza asidi iliyopo kwa dakika chache, lakini kuvimba huendelea chini ya utando. Maziwa yenyewe hatimaye hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi, nayo magadi huongeza chumvi mwilini, jambo lisilomfaa mwenye shinikizo la damu.

Umio uliovimba kwa muda mrefu bila kutibiwa unaweza kutoa damu kidogo kidogo hadi mgonjwa akapungukiwa na damu. Unaweza pia kuota makovu yanayoufanya uwe mwembamba, na chakula kikawa kinakwama.

Kwa baadhi ya watu, utando wa kawaida wa umio hubadilika na kufanana na ule wa matumbo. Mabadiliko hayo huitwa umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari wa upasuaji wa London aliyeandika kuhusu hali hiyo mwaka wa 1950. Wengi walio nayo hawapati saratani maishani, lakini uwezekano wao wa kuipata ni mkubwa kuliko wa watu wengine. Kwa hivyo, huhitaji kuchunguzwa kila baada ya muda.

Viwango vinne vya madhara

Ili madaktari kote duniani wazungumze lugha moja, wataalamu walibuni mfumo wa kupima ukubwa wa madhara. Mfumo huo ulitangazwa katika kongamano lililofanyika Los Angeles, Marekani, mwaka wa 1994, na hadi leo hujulikana kwa jina la mji huo.

Katika kiwango A, michubuko huwa mifupi, isiyozidi milimita 5. Katika kiwango B, angalau mchubuko mmoja huzidi milimita 5, ila hauungani na mwingine kuvuka mikunjo ya umio. Katika kiwango C, michubuko huungana kutoka mkunjo mmoja hadi mwingine, lakini haijafikia asilimia 75 ya mzunguko wa umio. Kiwango D ndicho kibaya zaidi, kwani michubuko huenea katika asilimia 75 au zaidi ya mzunguko huo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ukali wa maumivu haulingani na ukubwa wa madhara. Mtu anaweza kulia kwa uchungu ilhali umio wake hauna hata mchubuko mmoja. Mwingine, hasa mzee, anaweza kuwa na kiwango C au D na kulalamikia kikohozi au kukwaruza kwa sauti pekee. Kwa sababu hiyo, kimya cha kifua si ushahidi kwamba umio u mzima.

Kiungulia si vidonda vya tumbo

Nchini Kenya, maumivu mengi ya kifua na ya sehemu ya juu ya tumbo hubandikwa jina moja tu: vidonda vya tumbo. Jina hilo likishabandikwa, mgonjwa huweza kuishi nalo kwa miaka mingi bila kupimwa, akinunua dawa zilezile kila maumivu yanaporudi.

Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na madaktari Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, mwaka wa 1982. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofen na diclofenac.

Bakteria huyo hupimwa kwa pumzi, kinyesi au tishu iliyochukuliwa tumboni, na hutibiwa kwa mseto wa dawa za kuua viini. Matibabu hayo huponya vidonda vingi, ila hayatarajiwi kuondoa kiungulia kinachotokana na kilango kilicholegea. Anayetibiwa bakteria mara kwa mara ilhali shida yake ni asidi inayopanda hataona nafuu ya kudumu.

Kwa nini dawa hukosa kufaulu

Dawa zinazotegemewa zaidi kutibu umio uliovimba ni zile zinazozima pampu za asidi tumboni. Ya kwanza kati ya hizo, omeprazole, ilianza kuuzwa mwaka wa 1988. Baadaye zilifuata nyingine kama vile lansoprazole, pantoprazole, rabeprazole na esomeprazole.

Zikitumiwa ipasavyo kwa wiki nane, dawa hizo huwaponya wagonjwa wengi wenye michubuko ya umio. Kwa kawaida, daktari husema kwamba ugonjwa ni sugu ikiwa dalili zinaendelea hata baada ya mgonjwa kumeza dawa mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki nane.

Kabla ya kufikia uamuzi huo, jambo la kwanza ni kuuliza jinsi dawa inavyomezwa. Omeprazole huzima pampu zinazofanya kazi pekee, na pampu hizo huamshwa na chakula. Dawa haikai sana katika damu. Kwa hivyo, inapaswa kumezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, ili pampu zinapoamka iwe tayari imefika.

Anayeimeza wakati wa kulala akiwa ameshiba, au anayeitafuta siku ambayo kifua kinawaka tu, huinyima dawa nafasi ya kufanya kazi. Haizimi moto papo hapo. Huhitaji siku kadhaa za kumezwa mfululizo ili ifikie nguvu zake kamili. Vilevile, chembe zilizomo ndani ya kapsuli hazifai kusagwa wala kutafunwa, kwani utando wake ndio unaozikinga zisiharibiwe na asidi kabla ya kufika kwenye utumbo.

Kuacha dawa ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu nako huzua tatizo. Tumbo lililozuiwa kwa miezi mingi linaweza kutoa asidi nyingi kuliko awali kwa muda, na mgonjwa akadhani ugonjwa umezidi. Ndiyo maana madaktari wengi hupunguza kipimo hatua kwa hatua.

Funzo la utafiti wa 2019

Umuhimu wa kutafuta chanzo ulidhihirika katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 na jarida la New England Journal of Medicine. Utafiti huo uliwahusu wanajeshi wastaafu wa Marekani 366 waliotumwa kwa wataalamu kwa sababu kiungulia chao kilikuwa kimekataa kusikia dawa.

Kwanza, wote walielekezwa jinsi ya kumeza omeprazole kwa usahihi mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Wagonjwa 42 walipata nafuu kutokana na hatua hiyo pekee. Dawa waliyodhani imewashinda ilikuwa imekosewa wakati na namna ya kuimeza.

Waliosalia walifanyiwa vipimo zaidi. Ilibainika kwamba 99 walikuwa na kile kinachoitwa kiungulia cha neva, ambapo umio hauna dosari na asidi haijazidi, lakini neva zake huhisi mguso mdogo kama moto. Wengine 23 walikuwa na magonjwa tofauti ya umio. Wapo pia ambao hawakukamilisha vipimo, na wengine walioondolewa kwa sababu mbalimbali.

Mwishowe, ni wagonjwa 78 pekee kati ya wote 366 waliothibitishwa kuwa na kiungulia cha kweli kilichoshinda dawa. Hao waligawanywa katika makundi matatu. Upasuaji uliwafaa asilimia 67 ya waliofanyiwa, ilhali mchanganyiko wa dawa zaidi uliwafaa asilimia 28. Katika kundi lililoendelea na omeprazole pamoja na tembe zisizo na dawa ndani, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 12.

Matokeo hayo yana pande mbili. Kwa mgonjwa ambaye kweli asidi ndiyo inayomtesa, kuna tiba madhubuti hata dawa zinaposhindwa. Ila kwa wengi wanaoaminiwa kuwa na kiungulia sugu, kuongeza tembe au kukimbilia kisu kungekuwa kutibu ugonjwa ambao hawana.

Maradhi yanayojificha nyuma ya kiungulia

Kuna maradhi kadhaa yanayoufanya umio uvimbe bila kutokana na asidi. Mojawapo ni lile linaloletwa na mzio, ambapo chembechembe za kinga ziitwazo eosinofili hujazana katika umio. Lilianza kutambuliwa kama ugonjwa wa kipekee mnamo miaka ya 1990. Huwapata zaidi watu wenye pumu au mizio mingine, na dalili yake kuu kwa watu wazima ni chakula kukwama, hasa nyama.

Jingine ni maambukizi ya kuvu, ambayo huwaandama watu ambao kinga yao imedhoofika, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa za kupunguza makali. Mgonjwa huhisi uchungu kila anapomeza, na mara nyingi huwa na utando mweupe kinywani. Dawa ya kuvu, kama fluconazole, ndiyo inayomfaa wala si ya asidi.

Tembe nazo zinaweza kuunguza umio zikikwama njiani. Zinazojulikana zaidi kwa kufanya hivyo ni doxycycline, aspirini, tembe za madini ya chuma na alendronate, ambayo hutumiwa kuimarisha mifupa. Tembe hizo zinapaswa kumezwa kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale mara tu baada ya kuzimeza.

Kadhalika, kuna ugonjwa ambapo kilango cha umio hukataa kufunguka na chakula kikarundikana juu yake. Kinachorudi kinywani kwa mgonjwa wa aina hii huwa ni chakula ambacho hakijafika tumboni, na mara nyingi hakina uchachu. Kikichukuliwa kuwa ni kiungulia, mgonjwa huendelea kudhoofika huku akimeza dawa zisizomsaidia.

Zaidi ya hayo, moyo usisahaulike. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi, begani au tayani, yakiandamana na jasho jembamba au kukosa pumzi, yanaweza kuwa mshtuko wa moyo. Mtu wa namna hiyo anapaswa kukimbizwa hospitalini, si kupewa tembe za kutafuna.

Vipimo vinavyofichua ukweli

Kipimo muhimu zaidi ni endoskopia. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera kinywani na kuushusha hadi tumboni. Kwa kawaida koo hutiwa ganzi, na mgonjwa anaweza kudungwa dawa ya kumtuliza. Shughuli yenyewe huchukua dakika chache, na daktari anaweza kuchukua vipande vya tishu papo hapo.

Nchini Kenya, huduma hiyo inapatikana katika hospitali kubwa za umma kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, katika hospitali za kimisheni kama Tenwek iliyoko Bomet, na pia katika hospitali kadhaa za kibinafsi.

Endoskopia isipoonyesha michubuko, daktari anaweza kupendekeza kipimo cha asidi cha saa 24 au zaidi. Kifaa kidogo huwekwa ndani ya umio na kurekodi muda ambao asidi imo ndani yake, huku mgonjwa akila na kufanya shughuli zake kama kawaida.

Makubaliano ya wataalamu yaliyopewa jina la mji wa Lyon, Ufaransa, na kuchapishwa mwaka wa 2018, yalieleza jinsi ya kuyasoma matokeo. Asidi ikikaa ndani ya umio kwa zaidi ya asilimia 6 ya muda, ambayo ni karibu saa moja na nusu kwa siku, ugonjwa huwa umethibitishwa. Ikiwa ni chini ya asilimia 4, yaani pungufu ya saa moja, sababu ya maumivu inafaa kutafutwa kwingineko.

Kuna pia kipimo cha nguvu za misuli ya umio, ambacho hufichua kilango kilichokataa kufunguka. Ni lazima kifanywe kabla ya upasuaji wowote wa kuzuia asidi.

Tiba inavyopangwa

Hatua ya kwanza huwa katika mienendo ya maisha. Kupunguza uzito ndiko kunakomsaidia zaidi mtu mnene. Chakula cha jioni kinafaa kuliwa takriban saa tatu kabla ya kulala, na kiwe cha kiasi.

Kwa anayesumbuliwa usiku, upande wa kichwani wa kitanda uinuliwe kwa sentimita 15 hadi 20, mathalan kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakufai, kwa kuwa hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Kulalia ubavu wa kushoto pia hupunguza asidi inayopanda.

Si lazima mgonjwa ajinyime kila kitu. Pilipili, nyanya, vitunguu, kahawa, soda, pombe na vyakula vya kukaangwa huwasumbua watu kwa viwango tofauti. Inatosha kila mmoja kuchunguza kinachomdhuru na kukiepuka.

Pale asidi inapothibitishwa kuwa ndiyo chanzo, daktari anaweza kuongeza dawa au kubadilisha aina yake. Ranitidine, iliyowahi kutumiwa na wengi, si chaguo tena kama zamani. Mnamo Aprili 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iondolewe sokoni baada ya kupatikana na kemikali inayohofiwa kusababisha saratani.

Kwa upande mwingine, kuna dawa mpya zinazozima pampu za asidi bila kungoja mlo. Mojawapo, vonoprazan, iliidhinishwa nchini Japani mwaka wa 2014, na Marekani ikaikubali kwa tiba ya michubuko ya umio mnamo Novemba 2023.

Upasuaji unaojulikana zaidi ulibuniwa na Rudolf Nissen, aliyeufanya kwa mara ya kwanza mjini Basel, Uswisi, mwaka wa 1955. Daktari huzungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye mwisho wa umio na kuishona, ili kilango kipate nguvu mpya. Siku hizi hufanywa mara nyingi kupitia matundu madogo. Baadhi ya wagonjwa hupata ugumu wa kumeza au tumbo kujaa gesi baada yake.

Kwa waliogunduliwa kuwa na kiungulia cha neva, tiba hulenga neva zenyewe. Dawa zilizobuniwa kutibu mfadhaiko, zikitolewa kwa kipimo kidogo, huweza kupunguza makali ya hisia hizo. Hilo halimaanishi kwamba mgonjwa anajisingizia maumivu. Maumivu ni ya kweli, ila hayatokani na asidi iliyozidi.

Wapo wanaohofia kutumia omeprazole kwa muda mrefu kutokana na madai kwamba huharibu mifupa, figo na kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliowahusisha watu 17,598 waliofuatiliwa kwa takriban miaka mitatu, uliilinganisha pantoprazole na tembe zisizo na dawa. Tofauti pekee iliyojitokeza wazi ilikuwa ongezeko dogo la maambukizi ya matumbo. Hata hivyo, dawa isiyohitajika haifai kumezwa, na anayeihitaji anapaswa kukaguliwa na daktari mara kwa mara.

Kwa nini Wakenya hawafai kungoja

Saratani inayotokana na asidi na umio wa Barrett huonekana zaidi katika nchi za Magharibi. Ile inayowaathiri wengi Afrika Mashariki ni ya aina nyingine, inayoanzia katika seli bapa za utando wa umio. Eneo lake hutanda kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, hadi Afrika Kusini.

Sababu zake bado zinachunguzwa, lakini tumbaku na pombe zinajulikana kuchangia. Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Chai inayonywewa ikiwa bado inatoa mvuke mkali huweza kufikia kiwango hicho.

Madaktari wa Tenwek wameandika kuhusu wagonjwa wa saratani hiyo walio na umri wa chini ya miaka 30, hali isiyo ya kawaida kwingineko duniani. Kwa hivyo, ujana pekee hautoshi kumfanya mtu apuuze dalili. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa hawawezi kumeza chochote kigumu, na kwa baadhi yao kinachowezekana ni kuwekewa mrija wa waya ili angalau uji na maji vipite.

Anayemeza dawa ya asidi anaweza kupata nafuu kidogo huku saratani ikiendelea kukua. Usipoziba ufa, wasema wahenga, utajenga ukuta. Kwa ugonjwa huu, ukuta wenyewe mara nyingi huwa haujengeki tena.

Dalili zinazohitaji endoskopia bila kuchelewa ni chakula kukwama au kuteremka kwa shida, uchungu wakati wa kumeza, kukonda bila sababu, kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, kutapika kila mara na upungufu wa damu. Mtu mwenye mojawapo ya dalili hizi hafai kungoja wiki nane za dawa.

Asiye na dalili hizo, lakini ambaye kiungulia kimemwandama licha ya kumeza dawa kwa wakati ufaao, anapaswa kumwona daktari akiwa na orodha ya dawa zote anazotumia, kipimo cha kila moja na saa anazozimeza. Maelezo hayo ndiyo yatakayomwezesha daktari kuamua iwapo dawa imeshindwa kweli, imemezwa vibaya, au imeelekezwa kwa ugonjwa usiokuwepo.